Mlango wa Nyuma Unafungukia Upande Gani?

Katika ukurasa huu wa Barabarani tumeshazungumza habari za matairi, habari za maji ya kunywa jangwani, na habari za nani anastahili kukaa mbele (mjadala ambao mpaka leo haujaisha). Safari hii tunaomba ruhusa tuzunguke nyuma ya gari. Tunataka kuzungumzia mlango wa nyuma, ule wa buti, wa magari makubwa ya familia ambayo wengi wetu tumekulia ndani yake na sasa tunaazimwa na baba zetu kwa masharti.

Sababu ni mbili. Safari ya klabu ya kwenda Jebel Akhdar inakaribia, na mara hii tumekubaliana familia zije. Maana yake kutakuwa na mabibi, kutakuwa na watoto wadogo, na kutakuwa na masufuria. Sababu ya pili ni kwamba kila familia ya mwenzetu inapotaka kubadilisha gari, tunaletewa swali lilelile tulijibu, na watu hubishana juu ya injini, mafuta, bei ya kuuzia tena, mpaka rangi. Mlango wa nyuma hautajwi. Na huo ndio mlango usiokuwa na mwenyewe: dereva ana wake, abiria ana wake, wa nyuma ni wa yeyote aliyeshika mzigo. Mara nyingi aliyeshika mzigo ni mama.

Kwa wasomaji wasiopenda magari (mpo, na tunawaheshimu), barabara za Muscat zina milango ya aina tatu. Wa kwanza unafunguka kwa ubavu kama mlango wa nyumba, na mara nyingi umebebeshwa tairi ya spea mgongoni: Prado za miaka mingi kabla ya hii mpya iliyotambulishwa 2023, Pajero, Jimny, Land Rover Defender. Katika Patrol nyingi za zamani na Land Cruiser za mfululizo wa 70, mlango huo umegawanywa mbao mbili zisizolingana, kama mlango wa Unguja uliokosa mfaji. Wa pili unanyanyuka juu mzima mzima, kama wa Patrol zilizokuja kuanzia 2010. Wa tatu ni ule wa Land Cruiser kubwa hadi mfululizo wa 200, ambao nusu yake ya juu hunyanyuka na nusu ya chini hushuka ikawa kama kibaraza.

Tuanze na ule wa ubavuni, maana ndiko kwenye jambo.

Simama nyuma ya Prado ya zamani ukiutazama mlango. Kitasa kiko kushoto kwako, bawaba ziko kulia. Ukiuvuta, mlango unakwenda kulia, na nafasi ya kuingizia mzigo inabaki wazi upande wa kushoto. Gari hili ni la Kijapani, na Japani magari hutembea kushoto mwa barabara. Anayesimamisha gari pembeni kule, njia ya waendao kwa miguu iko kushoto kwake. Anafungua mlango, mlango unakwenda upande wa barabara, naye anapakia vitu vyake akiwa upande wa salama, huku mlango wenyewe umesimama kama ukuta kati yake na magari yanayopita. Ni akili nzuri kabisa, na waliobuni hivyo walimfikiria mtu mwenye mzigo.

Gari hilohilo likishushwa Dar es Salaam, Mombasa au Unguja, akili hiyo inabaki palepale, kwa sababu kule nako magari hutembea kushoto. Ndugu zetu wa huko wanafungua mlango, wanatia magunia, wanafunga, wanaondoka. Hawana habari kama kuna jambo la kuzungumza.

Sasa lilete Oman, ambako tunatembea kulia. Usukani umehamishiwa kushoto, kila kitu mbele kimegeuzwa, lakini ukizunguka nyuma bawaba ziko palepale, kulia. Njia ya miguu sasa iko kulia pia. Ule ukuta uliokuwa kinga umehamia upande usiohitaji kukingwa, na nafasi ya kupakilia imeelekezwa barabarani. Mwenye mzigo anatoka dukani, anafika kwenye kona ya gari, anaukuta mlango umemzibia. Inambidi auzunguke, na mlango uliofunguka wima unatokeza nyuma ya gari zaidi ya mita moja, kwa hiyo kuuzunguka ni kuingia barabarani. Kisha anasimama pale, ameinamia buti, mgongo ameyapa magari yanayokuja. Mtoto aliyemshika nguo amesimama upande uleule.

Usukani huhamishwa kwa sababu mnunuzi angelikataa gari. Bawaba hazihamishwi kwa sababu mnunuzi hazitazami. Wamarekani, ambao nao hutembea kulia, waliilalamikia kwa miaka RAV4 iliyokuwa na mlango wa namna hii, kwamba unaziba upande wa njia ya miguu. Modeli ya 2013 ilipokuja ilikuwa na mlango wa kunyanyuka. Wala si Wajapani peke yao. Defender ni gari la Waingereza, watu wa kushoto, na bawaba zake ziko kulia, ya zamani na hii mpya pia. Ukilitumia London limekaa sawa. Ukilitumia Al Khuwair, limekaa vilevile lilivyokaa London.

Hatusemi kwamba magari haya ni mabaya. Wengi wetu tumeletwa chuoni na Prado, na tutarudi nyumbani nayo. Tunasema kwamba nchi tunayoishi imeugeuza mlango, na mtu anayejua hilo atasimamisha gari lake kwa namna nyingine. Pita soko la Seeb jioni ya Alhamisi utazame. Magari yamejipanga ukingoni, Prado imefunguliwa, mama yuko upande wa barabara na mifuko minne, na dereva, kijana wa chuo kama sisi, yuko kwenye kiti chake anaangalia simu. Huyo kijana ndiye tunayemwandikia.

Kwanza, ukiweza usipakie ukingoni. Ingia uwanjani, ingia kichochoroni, zunguka nyuma ya duka. Dakika tatu hazimharibii mtu magharibi yake. Pili, mifuko si lazima ikae buti. Mlango wa abiria wa nyuma, ule wa kulia, unafungukia njia ya miguu. Mifuko ya soko inakaa vizuri sakafuni nyuma ya kiti. Baadhi ya Prado zina kioo cha nyuma kinachofunguka peke yake, na mfuko mwepesi unaingia hapo bila kufungua mlango wote. Na kama hapana budi kufungua, basi anayesimama upande wa barabara awe dereva. "Mama, nipe mimi, wewe kaa hapo juu," maneno hayo hayana uzito hata kidogo. Watoto waingie garini kwanza, wafunge mikanda, ndipo buti lifunguliwe. Tumeona kwingi ikifanywa kinyume: buti kwanza, watoto mwisho, na katikati yake dakika mbili za watoto kuzurura nyuma ya gari.

Jambo la pili ni uzito. Tairi ya gari la namna hii pamoja na rimu yake ni karibu kilo 30, na ukiweka tairi kubwa zaidi, kama vijana wetu wapendavyo, inapanda. Ongeza chuma cha mlango wenyewe, kioo, na mota ya waipa. Yote hayo yananing'inia kwenye bawaba za upande mmoja. Mahali tambarare huhisi kitu, mlango unakwenda kwa kidole. Mahali pa mteremko mlango unakuwa na mawazo yake.

Msimu uliopita tulisimama kwenye wadi kula chakula cha mchana. Gari moja lilikuwa limeelekea chini, pua kwenye maji. Binti mmoja wa mwaka wa pili akafungua nyuma, akainama kuvuta boksi la barafu, na mlango ukaanza kurudi, taratibu kwanza, kisha kwa kasi, ukamkuta begani. Yalikuwa michubuko tu, na chupa ya chai iliyopasuka ndani. Lakini mdogo wake alikuwa amesimama ubavuni mwake, mtoto ambaye kichwa chake kinafika usawa wa kitasa. Mlango ungekuja sentimita chache kando, tusingekuwa tunazungumzia bega.

Hesabu yake si ngumu, na inafaa kila dereva awe nayo kichwani kabla hajavuta kitasa. Gari likiwa pua chini, mlango wa ubavuni unataka kujifunga. Utakurudia ukiwa umeinama. Likiwa pua juu, mlango unataka kutoka nje kwa nguvu mara tu ukifunguliwa. Utamkuta aliyesimama nyuma yake akisubiri. Likiinama kulia, upande wa bawaba, mlango unakwenda wote mpaka mwisho na kugonga chochote kilichoko huko, gari la jirani au jiwe. Likiinama kushoto, unarudi kujifunga. Mahali pa wadi huwa pameinama mbele na kando kwa pamoja, basi jua kwamba mlango utachagua. Upepo nao una sauti yake: kule pwani ya Mughsail wakati wa kusi, au juu ukingoni mwa Jebel Shams, mlango wenye tairi ukishapata kasi hauzuiliki kwa mkono mmoja.

Magari mengi ya namna hii yana mkono mdogo unaoushika mlango usirudi, na mengine yana namna ya kuufunga kabisa ukiwa wazi, kwa kitufe au kwa kuzungusha. Namna yake imeandikwa katika kitabu cha gari. Kitabu hicho kimo kwenye kisanduku mbele ya abiria, bado kimo kwenye nailoni yake. Kifungueni. Na msiutegemee mkono huo kama ni wa zamani: simamisha gari pua chini kidogo, fungua mlango nusu, uachie huku umesimama mbali nao. Ukibaki, vizuri. Ukirudi, umeshajua.

Kuna kipimo kingine tunachokipenda kwa sababu hakihitaji fundi. Fungua mlango, ushike chini ya kitasa, jaribu kuunyanyua juu kwa mikono miwili. Mlango mzima haupandi. Ukipanda hata kidogo, bawaba zimechoka. Njia za changarawe zenye mawimbi, zile zinazotingisha gari mpaka meno, ndizo zinazozimaliza, na mtu aliyeweka tairi kubwa kuliko ya asili amezisaidia kumalizika. Dalili nyingine ni mlango unaotaka kupigwa ndipo ufunge. Nyumba nzima imeshazoea kuupiga, na watoto wamejifunza kwamba mlango wa nyuma ni wa kupigwa. Mtoto aliyejifunza hivyo hatazami kama kuna vidole upande wa bawaba.

Kuhusu tairi yenyewe kukaa mlangoni, tumegawanyika humu ndani, na ni haki msikie pande zote. Wanaoipinga wanasema inaziba kioo cha nyuma, na wana ukweli. Wanasema pia kwamba ndiyo inayofika kwanza ukirudi nyuma ukagonga. Taasisi ya IIHS ya Marekani, inayogharamiwa na makampuni ya bima, iliwahi kuyarudisha magari ya namna hii kinyumenyume kwenye nguzo kwa maili 5 tu kwa saa, mwendo wa mtu anayekimbia polepole, na tairi iliyoning'inia ikasukumwa ndani, ikakunja mlango na kuvunja kioo. Bampa, ambayo kazi yake ni kupokea kipigo, haikupata nafasi ya kufanya kazi. Sisi tunaongeza kwamba katika gari lenye viti safu ya tatu, nyuma ya kioo hicho kuna vichwa vya watoto.

Lakini wanaoitetea wana hoja moja ambayo mtu wa Bidiyah huwezi kumshinda nayo. Tairi iliyofungwa chini ya gari, ukipata pancha katikati ya mchanga wa Sharqiya, gari limezama mpaka tumbo, utaitoa vipi? Utalala chini, utachimba kwa mikono, utazungusha mnyororo ulioziba kwa mchanga, na jua liko utosini. Ile ya mlangoni unafungua nati, unaishusha, kazi imeanza. Kwa familia ambayo safari yake ni nyumbani, shule, msikiti, na Nizwa kwa jamaa Ijumaa, hoja hiyo haina nguvu. Kwa wanaoingia mchangani kila majira ya baridi, ina nguvu nyingi. Kabla ya kuchagua, muulizeni baba: mara ya mwisho tumeingia mchangani lini?

Tukija kwenye mlango wa kunyanyuka, huu haubagui upande wa barabara. Unaingia kulia au kushoto upendavyo, na hapo ndipo tunapouona bora kwa nchi ya kulia kama yetu. Una sifa nyingine ambayo hakuna muuzaji anayeitaja. Wakati wa khareef, milima ya Dhofar ikiwa kijani na manyunyu hayakatiki, utaona familia zimejipanga majanini, busati limetandikwa nyuma ya gari, na mlango umekuwa paa. Chai inamiminwa chini yake, mkate wa kumimina unakatwa chini yake, na bibi amekaa ukingoni mwa buti, kavu. Jirani yao mwenye Prado ya zamani amefungua mlango wake wa ubavuni, unanyeshewa nao, na familia yake imo ndani ya gari inatazama mvua kwa kioo. Tunaandika haya bila kutaja jina la mtu.

Ubaya wake ni kimo. Mlango ulionyanyuka kikamilifu, kamba au kishikio chake kiko juu ya mikono ya mabibi wengi na ya dada zetu kadhaa, na tumewaona wakiruka kuudaka. Kwa mlango wa umeme, magari mengi yanakuruhusu kuchagua mwisho wa kupanda kwake: unausimamisha pale unapopataka, unabonyeza kitufe na kukishikilia mpaka gari likubali. Ni dakika moja ya kazi, na itamfaa bibi kuliko zawadi nyingi. Faida ya pili ni kwamba hautagonga dari la maegesho ya chini ya maduka.

Vijiti vya gesi vinavyoubeba mlango ndivyo tunavyotaka mvikumbuke zaidi, kwa sababu vinahusu safari yetu hasa. Mafundi wengine huviita shokapu za buti. Ndani yake kuna gesi iliyoshindiliwa, na gesi ikipoa nguvu yake hupungua. Tukitoka Muscat mchana wa nyuzi 30 tukafika uwanda wa Saiq, kama mita 2,000 juu, usiku wa Januari ambapo baridi hukaribia sifuri, vijiti vilevile vimepoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Vijiti vipya vina akiba, huhisi tofauti. Vijiti vya miaka kumi vilivyokuwa vinaubeba mlango kwa shida kule chini, juu vinauachia. Na hauachii papo hapo. Unaushikilia kwanza, mtu anaingiza kichwa kutafuta blanketi, ndipo unashuka.

Kipimo: asubuhi na mapema, kabla jua halijapiga, fungua mlango mpaka nusu, uachie. Ukishuka wenyewe, vijiti vinunuliwe viwili kwa pamoja, maana kipya kimoja na cha zamani kimoja huupindisha mlango. Mafundi wa Ghala na Wadi Kabir hufanya kazi hii wakati unakunywa chai. Fimbo ya ufagio ya kuegemezea mlango tumeiona, na hatuitaki katika msafara.

Milango ya umeme huhisi kizuizi ikasimama na kurudi, na ni jambo zuri. Hata hivyo vihisio vyake mara nyingi viko kingoni tu, na mlango husimama baada ya kugusa, si kabla. Kwa hiyo ufunguo usiwe mchezo wa mtoto kiti cha nyuma, na anayebonyeza awe anauona mlango kwa macho yake. Jingine dogo: milango mingi ya sasa hufunguliwa kwa umeme, betri ikifa haifunguki kwa nje. Waya za kuwashia gari kutoka betri ya gari jingine, ambazo sote tunaziweka buti, ziwekeni chini ya kiti.

Mlango wa vipande viwili, wa kibaraza, ndio unaopendwa na wazee wetu, na tunawaelewa. Ukishusha kile kipande cha chini una kiti, una meza, una mahali pa kukatia nyama. Machungwa hayamwagiki ukifungua juu tu. Ami wengi wamesikitika tangu Land Cruiser ya mfululizo wa 300 ilipotoka 2021 na mlango mmoja mzima. Ila huo ubaraza nao una gharama yake. Ukiwa umeshuka, mzigo wa ndani uko mbali na mikono yako kwa upana wake wote, na anayeinama kuvuta sufuria la pilau la watu ishirini ananyanyua kwa kiuno, hana pa kukanyaga karibu. Tunashauri sufuria zito livutwe na wawili kwa busati: lilazeni chini yake tangu kupakia, kisha vuteni busati.

Kuna jambo moja ambalo halina pande mbili. Msiendeshe gari buti likiwa wazi. Tumeona wanaobeba kabati au mbao ndefu wakaufunga mlango kwa kamba, wanasema ni karibu tu. Gari linapotembea, nyuma yake hewa huzunguka na kurudi ndani, na moshi wa ekzosi unarudi nayo. Ndani ya moshi huo mna gesi ya kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na huanza kwa kuumwa kichwa na usingizi. Wa kwanza kuivuta ni waliokaa safu ya tatu, na waliokaa safu ya tatu ni watoto, ambao wakilala njiani hakuna anayeshangaa.

Basi kwa safari ya Jebel Akhdar tumepanga hivi. Magari manane yameandikishwa mpaka sasa: manne ya mlango wa ubavuni, matatu ya kunyanyuka, na moja la kibaraza, la ami yake mweka hazina, ambalo tumeshalipangia nyama. Mkaguzi wa polisi pale Birkat al Mawz atatazama kama gari ni la magurudumu manne yenye nguvu. Hatatazama bawaba wala vijiti, kwa hiyo tutatazama sisi, uwanjani nyuma ya maktaba, Alhamisi kabla ya safari, saa moja asubuhi wakati bado pana baridi kidogo.

Kila gari litakuwa na mtu mmoja wa mlango, si dereva, ambaye jina lake litaandikwa kwenye karatasi ya msafara. Huyo ndiye atakayefungua na kufunga nyuma safari nzima, na asipokuwepo mlango haufunguliwi. Juu mlimani magari ya mlango wa ubavuni yatasimama mahali tambarare kwanza, mengine yatachukua patakapobaki. Njiani tutasimama vituo vya mafuta tu, si ukingoni mwa barabara, hata kama mtoto amelia njaa. Biskuti zikae mbele.

Gari la tisa bado lina nafasi. Atakayeliandikisha atwambie aina ya mlango pamoja na idadi ya viti, na aje Alhamisi na kitabu cha gari, hata kama bado kimo kwenye nailoni.